Namba Tuliyogawana na Mama Dan

Mwezi uliopita mwanamke alisimama kwenye mlango wangu hapa Kawangware, mkono mmoja umeshika fremu na mwingine umeshika mfuko wa njugu, akanitazama nikikanda unga. Nilidhani ni mteja. Nikamwambia mandazi bado, arudi baadaye kidogo. Akasema, "Niaje, Mama Mutua. Bado unagawanya?" Mikono yangu ilikuwa na unga hadi kwenye viwiko. Sikumkumbatia. Watu hudhani ukikutana na mtu uliyemlilia miaka yote hiyo utamrukia shingoni. Mimi nilikasirika. Nikamwuliza, "Ulikuwa wapi wewe?" vile mama humwuliza mtoto aliyetumwa chumvi asubuhi akarudi jioni. Halafu nikakwama, kwa sababu sikujua nimwite nani. Kule Kibera nilimwita Mama Dan, na Dan alikufa kabla ya kujua kutembea. Nadhani aliona mdomo wangu umebaki wazi. "Niite vile ulikuwa unaniita," akasema. "Mimi bado ni yeye." Akaingia, akakalia debe la mafuta, akaanza kumenya njugu kana kwamba aliondoka jana.

Mambo ya ukoo wangu hayana kazi hapa. Mwaka ninaotaka kuusema ni ule wa kura iliyoharibika, nilipokuwa msichana mwenye mtoto wa titi, cheti cha Form Four kwenye mfuko wa plastiki, na hasira ambayo mpaka leo sijapata mahali pa kuiweka. Wakati huo tulikaa Soweto East, ndani ya Kibera. Mama Dan alikuwa na saluni ya mabati upande wa kuelekea mtaa wa Ayany, pazia la maua badala ya mlango, viti viwili vya plastiki, kimoja mguu umefungwa kwa waya. Nyuma ya kiti cha wateja alikuwa na jiko, kwa hivyo ukisukwa pale ulitoka unanukia mafuta ya nywele na kitunguu. Nikimaliza kuuza mandazi ya asubuhi nilikwenda kukaa kwake. Tulilaza watoto kwenye mkeka mmoja, Mutua wangu na Dan wake, wamepishana wiki chache tu, na mmoja akilia wote wawili walinyonya kwa aliyekuwa karibu. Tulikuwa tumekaa dawati moja tangu Form One, shule ya kutwa, wasichana wawili pekee wa darasa letu waliopenda hesabu. Yeye alizipenda kwa sababu ya kuwashinda wavulana. Mimi nilizipenda kwa sababu ukipata jibu, hakuna mtu anaweza kukunyang'anya.

Tulipokuwa Form Three mwalimu wetu wa hesabu aliandika ubaoni 1234567. Akasema, "Hii namba inagawanyika, ama ni tasa? Atakayeniambia bila kubahatisha, nampa soda." Namba tasa ni ile ambayo hakuna kitu kinaingia ndani yake bila kubaki, isipokuwa moja na yenyewe, kama saba, kama kumi na tatu. Mama Dan, ambaye wakati huo alikuwa Achieng' tu, akauliza kwa sauti, "Tasa? Kwani hizo zingine huzaa?" Darasa lote likaanguka na kicheko. Kabla ya muhula kuisha mwalimu alihamishwa, na soda yetu akaenda nayo.

Tusingeikumbuka tena namba hiyo kama si redio. Baada ya kupiga kura tulikaa tukisomewa namba. Redio ilisoma, watu wakashangilia, redio ikasoma zingine, watu wakanyamaza. Eneo moja lilitajwa na hesabu hii, kesho likatajwa na nyingine. Wanaume walisimama mlangoni pa saluni wakijumlisha kwenye simu, kila mmoja na jumla yake, kila mmoja akiapa. Mama Dan alikuwa anamsuka mteja mistari ya kurudi nyuma. Alikuwa na mtindo wake: kabla ya kuanza aligawa kichwa kwa ncha ya kitana, na ikibaki nywele ya nusu mstari alifumua yote akagawa upya. Hakukubali baki kwenye kichwa cha mtu. Siku hiyo alisimama katikati ya kichwa, akainama, akaandika kwenye vumbi la sakafu 1234567.

"Mimi nimechoka na namba za watu," akasema. "Wacha tumalize yetu. Hii hakuna mtu atakuja kuibadilisha usiku."

"Na mimi je?" mteja akauliza. "Nitabaki nusu kichwa?"

"Wewe tulia. Kichwa yako inagawanyika vizuri."

Tulianza papo hapo. Inaishia na saba, kwa hivyo mbili haiingii, tano haiingii. Ukijumlisha tarakimu zake unapata ishirini na nane, kwa hivyo tatu haiingii. Halafu tukajiuliza tutaishia wapi, maana huwezi kugawanya mpaka kiama. Mimi ndiye niliyegundua kwamba 1111 mara 1111 inakupa 1234321, kitu kinachosomeka sawa kutoka mbele na kutoka nyuma, na kiko chini kidogo tu ya namba yetu. Basi kama kuna namba mbili zinazozaana kupata yetu, lazima mojawapo isipite hapo. Ilitubidi kujaribu kila namba tasa mpaka 1111. Mama Dan akapiga mluzi. "Hiyo ni kazi ya miezi. Tugawane. Wewe chukua zote za chini ya mia. Mimi naanzia mia moja na moja kwenda juu. Ukimaliza zako, unaruka mbele unanisaidia." Kalkuleta za simu zilikuwepo, lakini sheria ilikuwa kwa mkono, vile mwalimu alivyotaka. Na siku chache baadaye betri ikawa kitu cha kulindwa kama maji.

Sitaelezea moshi wa nyumba zilizochomwa kwa sababu ya kura ile. Walioandika juu ya moshi ni wengi, na wengi wao waliuona kutoka kwenye ghorofa. Nitasema tu kwamba sisi Wakamba mwanzoni hatukuwa na upande. Mume wangu Kioko alikuwa fundi wa mbao, alitengenezea kila kabila vitanda, na vijana walikuwa wakimpita wakisema, "Fundi, wewe huna noma." Halafu mtu wa kwetu akapewa cheo kikubwa kwenye serikali ile ile iliyokuwa inapigiwa kelele, nasi tukahesabiwa upande mwingine bila kuulizwa. Jioni hiyo hiyo walikuja. Walikuwa vijana niliowauzia mandazi, wengine kwa deni ambalo sikuwahi kulidai. "Fundi, kesho tusikupate hapa." Mama Dan alitoka kwake na Dan kiunoni, akasimama mlangoni petu, akawaongelesha kwa Kijaluo, muda mrefu, mara akiwatukana, mara akiwataja mama zao kwa majina. Sikuelewa neno isipokuwa majina hayo. Walitupa muda mpaka asubuhi.

Alitusindikiza hadi upande wa Ayany, amebeba begi letu kichwani. Pale barabara ilipoacha kuwa ya watu wake akasimama. Kuna mambo ungetarajia mtu aseme hapo. Yeye alinipa unga wa ugali ndani ya leso, akasema, "Kila jioni unaniflash. Flash moja, umegawanya, imebaki. Flash mbili, imeingia. Na zako ni za chini ya mia, usinicheze." Kwa wale mliokua na vifurushi vya simu, kuflash ilikuwa kupiga na kukata kabla ya kupokelewa. Haikumaliza salio. Kadi za simu zilikuwa zimepotea madukani, na hata mtu aliyebakiwa na shilingi moja aliweza kuflash.

Kawangware tulipata chumba kwa mama mmoja mwenye ploti ya vyumba vya kukodisha, Mama Wambui, watu wa hapa tangu zamani. Alitufungulia chumba cha mwisho karibu na choo. Kalenda ilikuwa bado ukutani. Kwenye kona kulikuwa na sufuria yenye ugali uliokauka na kupasuka kama udongo, na chini ya dirisha kiatu kimoja cha mtoto, cha kulia, cha rangi ya machungwa. Jina lililoandikwa kwa kalamu juu ya kalenda lilianza na O, kama majina ya Wajaluo.

"Wenyewe wako wapi?" nikauliza.

"Walienda tu."

"Walienda ama walifukuzwa?"

Mama Wambui akazungusha funguo kwenye kidole. "Mama, unataka chumba ama unataka hadithi?"

Nilikuwa na mtoto mgongoni, na mume aliyekuwa amekalia begi nje kama mzigo uliosahaulika. Nilichukua chumba. Nilisugua sufuria nikapikia ndani yake. Kiatu nilikiweka dirishani, kama mwenyewe angepita akakiona, na kila asubuhi nilipokiangalia nilitamani kumpiga mtu kofi, ila sikujua nani. Sisi tulifukuzwa na watu wanaoongea kama hao waliofukuzwa hapa, na mwanamke anayeongea kama wao ndiye aliyetuokoa. Gawanya hiyo uone.

Ukuta ulikuwa mabati matupu, kwa hivyo niliishi ndani ya maongezi ya Mama Wambui. Alikaa uani na wenzake wakichambua maharagwe, akisema, "Hao wa Kibera wacha wakae na njaa yao. Si walitaka?" Halafu angeingia kwangu na bakuli la githeri, mahindi na maharagwe, avokado imekatwa juu, aseme, "Huyu mtoto asilale njaa." Mdomo ule ule, mkono ule ule. Nilikula. Ilikuwa githeri nzuri sana, na hilo nalo lilinikera.

Sakafu ilikuwa ya saruji, basi niligawanya pale kwa kipande cha kaa la jikoni. Namba juu, mstari, kushuka, kushuka, halafu nafuta kwa kitambaa kibichi. Kumi na tatu, ikabaki tisa. Kumi na saba, ikabaki kumi. Kumi na tisa, nne. Kioko alikaa kitandani akinitazama. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba karakana yake kule Kibera imechomwa, randa na misumeno imebebwa. "Watu wanauana," akasema, "wewe unagawanya."

"Unataka nifanye nini? Nitajie kitu kimoja naweza kufanya, nikifanye."

Alifikiria, kweli alifikiria, nikamwona akitafuta. Mwisho akajilaza akageukia ukuta.

Kila jioni niliflash mara moja, na kabla sijaweka simu chini nayo ingelia mara moja, ikakatika. Sijui kama naweza kueleza sauti ile ilikuwa nini kwangu. Haikuwa na neno. Ilisema tu kwamba kule, ng'ambo ya barabara zilizofungwa, mtu amekaa amegawanya namba, na mtu aliyegawanya namba leo yuko hai leo. Mama Wambui aliuliza, "Unaflash nani hivyo kila siku?" Nikasema dada yangu. "Yuko wapi?" Nikasema Kitui. Nilifika tisini na saba, ikabaki arobaini na nane, zangu zikaisha. Hakuna hata moja iliyoingia. Nikaruka mbele vile tulivyopatana, nikaanzia juu ya mia tano.

Halafu simu ikanyamaza. Jioni ya kwanza nilisema ni betri. Iliyofuata nilisema ni mtandao. Nilipiga nikaambiwa na yule mwanamke wa sauti laini kwamba mteja hapatikani. Nilimchukia yule mwanamke. Anasema kwa adabu hivyo hivyo hata mteja akiwa amekufa. Redio ilisema hali ni tete. Tete ni nini? Sema nani ameumia, sema mtaa gani, sema kama kuna zahanati imefunguliwa! Nilimwambia Kioko naenda Kibera. Akachukua Mutua akamkumbatia, akasema, "Nenda. Lakini kabla hujaenda niambie huyu nitamnyonyesha na nini." Nikakaa chini. Hakuna siku nimewahi kuwa mtu mdogo kama siku hiyo.

Ikaja asubuhi moja, nakoroga uji, simu ikalia, ikakatika. Ikalia tena, ikakatika. Jina lake. Mwiko ulianguka ndani ya uji. Nilipiga papo hapo kwa visenti nilivyokuwa nimevificha, na yule mwanamke akaniambia mteja hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani.

"Imeibiwa," Kioko akasema. Hakusema kwa ubaya. "Wakiiba simu huwa wanabonyeza kila jina waone nani ana pesa. Mwenyewe wakishamfanya vile wamemfanya."

"Ameflash mbili. Mbili ni imeingia."

"Hata kidole cha mwizi kinabonyeza mara mbili, Mwende."

Hapo ndipo niliona njia, na ilikuwa moja tu. Kama ni mwizi, hajui chochote. Kama ni Mama Dan, basi kwenye fungu lake, kuanzia mia moja na moja, kuna namba inayoingia, na mimi naweza kuitafuta hapa hapa sakafuni. Nikiikosa, rafiki yangu amekufa. Nikiipata, asubuhi hii alikuwa na uhai na akili na kidole. Nilimpa Kioko mtoto, nikachukua kaa.

Mia moja na moja: ikabaki arobaini na nne. Mia moja na tatu: tisa. Nikaenda mia moja na saba, nikishuka mstari baada ya mstari, namba zinapungua vizuri, na mwisho ikabaki moja. Moja! Nilihisi kama mtu amenifungulia mlango akaufunga kwenye vidole vyangu. Nilirudia nikidhani nimekosea. Ikabaki moja tena. Mutua alikuwa analia, uji ulikuwa unaungua, na Kioko akautoa motoni. Mia moja na tisa: thelathini na tatu. Mia moja kumi na tatu: arobaini na mbili. Mkono ulikuwa mweusi na jasho lilikuwa linafuta tarakimu kabla sijazisoma. Mia moja ishirini na saba. Inaingia mara tisa, inabaki tisini na moja, shusha tano. Mara saba, inabaki ishirini na sita, shusha sita. Mara mbili, inabaki kumi na mbili, shusha saba. Mia moja ishirini na saba ndani ya mia moja ishirini na saba: mara moja, hakuna baki.

Nikazidisha kurudi nyuma: 127 mara 9721. Ilitoka 1234567, zimejipanga kama watoto wa nasari.

Nilipiga kelele. Mama Wambui alikuja mbio, kisu cha kukatia mboga ya sukuma mkononi. "Kuna nini? Wameelewana?"

"Nani?"

"Si hao wakubwa wa kura!"

"Hapana. Imeingia."

"Nini imeingia?"

"Mia moja ishirini na saba!"

Aliangalia sakafu, akaangalia mikono yangu, akamwangalia Kioko. "Huyu apewe chai," akasema, akaenda akaleta, chai ya maziwa, siku ambazo maziwa hayakuonekana. Nilicheza. Nilimchukua Mutua nikacheza naye kwenye hicho chumba cha watu, kutoka kalenda mpaka dirishani kwa kiatu, na Kioko akacheka, mara ya kwanza tangu karakana. "Mwizi gani anajua hiyo?" nikamwuliza. "Niambie mwizi gani!" Kitu kimoja tu kilinigusa kidogo, kama nzi: mia moja ishirini na saba iko karibu sana na mahali alipoanzia. Kwa jioni zote zile alizoflash, angekuwa ameshaipita zamani. Nilijiambia labda alikwenda polepole, ana mtoto. Nikamfukuza nzi.

Baadaye wakubwa walipeana mikono mbele ya kamera wakanywa chai yao, na barabara zikafunguliwa kama vile hakukuwa na kitu. Nilikwenda Soweto East. Pazia la maua halikuwepo, wala mabati. Mwanamke aliyekuwa akiuza maji pale aliniambia Mama Dan alipanda lori na wenzake wakaenda nyumbani kwao mashambani, na mtoto alikufa. "Mapafu. Hakukuwa na mahali pa kumpeleka." Siku gani? Akanyanyua mabega. "Siku zile." Simu yake haikupatikana tena. Nilimlilia Dan, halafu nilimkasirikia mama yake. Kama alikuwa na nguvu ya kuniambia namba, mbona hakuniambia mtoto? Mwaka uliisha, mingine ikafuata, mimi nikabaki Kawangware hapa hapa, na swali langu likabaki.

Ndilo nililomwuliza mwezi uliopita, yeye yuko juu ya debe, chai iko mbele yake, maganda ya njugu yamejaa pajani. Nywele zake zimekuwa nyeupe mbele, amezikata fupi. Nikamwambia, "Mia moja ishirini na saba iko mwanzoni kabisa. Mbona ulichelewa?"

Akacheka bila sauti. "Sikuchelewa. Niliipata hata kabla nyinyi hamjajua godoro mtaweka wapi."

"Na hizo flash moja moja?"

"Nilikuwa nakudanganya."

"Achieng'!"

"Kwani? Ningekuambia imeingia, kazi ingeisha. Kazi ikiisha, jioni ungeniflash kwa sababu gani? Kuniuliza habari? Siku hizo hakuna mtu alikuwa anauliza mwenzake habari. Walikuwa wanauliza kabila."

Nikawacha unga. Niliketi kwenye ndoo mbele yake. "Na hiyo asubuhi ya mbili?"

Alimenya njugu, akaigawa mara mbili, hakuila. "Hiyo asubuhi Dan alinyamaza. Nilikuwa nimembeba mgongoni natafuta kliniki, kila mahali kufuli. Nikiwa kwenye reli nikasikia amekuwa mzito. Unajua vile mtoto akilala anakuwa mzito? Haikuwa hiyo." Akairudisha njugu mfukoni. "Jirani alikuwa amenichajia simu, kijiti kimoja cha betri. Nikasema nikupigie. Nikatafuta jina yako. Halafu nikajiuliza, nikimwambia, afanye nini? Barabara imefungwa, yeye mwenyewe amekimbia na mtoto. Atalia tu, na maziwa yake yakauke. Sikuwa na kitu ya kukupa na wewe hukuwa na kitu ya kunipa. Nilikuwa na jibu. Nikakupa hilo."

"Mimi nilicheza densi," nikasema. Ilibidi nimwambie. "Mama Dan, hiyo asubuhi nilicheza densi na Mutua."

"Nilijua utacheza," akasema. "Ndiyo maana niliflash."

Mafuta yalikuwa yamepata moto nyuma yangu, nikayasikia, sikuinuka. Wateja wawili walikuja wakasimama mlangoni wakaondoka. Nilikuwa na hasira ya kumpasua mtu, na kama siku zote mtu mwenyewe hakuwepo, alikuwa kwenye gari lenye bendera mahali fulani. Yeye ndiye aliyepangusa pua akauliza, kama mtu anayeuliza kuhusu jirani wa zamani, "Na hiyo ingine? Elfu tisa mia saba ishirini na moja. Inagawanyika? Huko nyumbani nimeianza mara nyingi. Nafika kumi na tatu, nakumbuka, naacha."

Nikamwonyesha kwa kidole kwenye unga. Kitu chochote kinachoingia kwenye 9721 kingeingia pia kwenye namba yetu kubwa. Zote za chini ya mia nilizijaribu mimi kule chumbani, hakuna iliyoingia. Na ya juu ya mia haihitajiki, kwa sababu mia moja na moja mara yenyewe imeshapita elfu kumi. Basi 9721 haigawanyiki. Ilikuwa tayari haigawanyiki asubuhi ile ile. Zangu na yake zilikuwa zimemaliza kazi yote, tena zamani.

Alifuata tarakimu za unga kwa kidole. "Kumbe ulikuwa umenimalizia."

"Sikujua."

"Hata mimi."

Alipokuwa akiondoka, amesimama tena pale mlangoni na mfuko wake, akasema, "Sasa tuigeuze. Saba, sita, tano, nne, tatu, mbili, moja. Wewe chini ya mia, mimi juu. Kwa mkono." Nikamwambia siku hizi watu hupigiana video bure. Akasema hataki video.

Jioni hiyo, baada ya kuosha karai, nilipiga magoti nikaandika 7654321 sakafuni. Saba ikabaki tatu. Kumi na tatu, kumi na mbili. Kumi na saba, tatu. Nikajaribu kumi na tisa, na ilishuka, ikashuka, ikaisha. Haikubaki kitu. Nilizidisha kurudi nyuma nikahakikisha: imeingia.

Nilifuta sakafu kwa kitambaa kibichi. Nikachukua simu, nikatafuta jina lake, nikaflash. Mara moja.